Sura ya Sita: Nafasi Wanayoikwepa

Mpelelezi aliomba kiti, akaambiwa hakuna.

"Humu ukumbini hatuweki viti, mama," meneja alisema, akipandisha sauti ili ishinde kelele za mashine. "Mtu akikaa, kazi nayo inakaa. Ukitaka kuwahoji, twende ofisini kwangu. Huko viti vimejaa."

"Sitaki kuwahoji. Nataka kuwatazama."

"Kuwatazama wakifanya nini?"

"Kazi."

Meneja alimwangalia koplo aliyesimama nyuma ya mpelelezi, kana kwamba anataka kuuliza kama huyu mama ni mzima. Koplo, mtu mzima aliyekuwa akingoja kustaafu, aliangalia dari. Alikuwa amefanya kazi na mpelelezi huyu muda wa kutosha kujua kwamba akisema anatazama, atatazama mpaka watu wachoke kutazamwa.

"Haya," meneja alisema kwa shingo upande. "Lakini msinisimamishie mashine. Hospitali zinasubiri mashuka." Akapanda ngazi kurudi ofisini, yenye dirisha la kioo lililotazama ukumbi mzima.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni yaliingia machafu upande mmoja na kutoka upande mwingine yakiwa yamekunjwa. Katikati palikuwa na joto. Mashine za kufulia zilikuwa ukutani, za kukaushia zikafuata, kisha pasi kubwa ya mvuke yenye silinda ndefu iliyokuwa ikizunguka bila kupumzika, na mwisho meza za kukunjia. Baina ya sehemu na sehemu watu walisukuma matoroli.

Juzi mchana, humu humu, msimamizi wa zamu alikutwa chini, kisogo kimepasuka, hana uhai. Wafanyakazi walimwita Filimbi, kwa sababu alivaa filimbi shingoni na kuipuliza kila zamu ilipoanza na ilipokwisha. Mwili ulikuwa sakafuni, mahali peupe, mbali na mashine, mbali na ngazi. Daktari aliyeuchunguza aliandika kwamba kisogo kilikutana na pembe ya kitu kigumu, kwa nguvu kubwa kuliko ya mtu aliyeteleza akiwa amesimama. Na pale alipolala hapakuwa na pembe ya kitu chochote. Kwa hiyo ofisa aliyefika wa kwanza alihitimisha kwamba mtu alimpiga, na alipotafuta mtu hakwenda mbali. Mkunjaji mmoja, mwanamke anayeitwa Mama Pacha, alikuwa na damu kwenye aproni. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amegombana na Filimbi, wakasikika ukumbi mzima. Alipoulizwa, hakusema kitu. Sasa alikuwa mahabusu.

"Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa mauaji," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia mpelelezi. "Kama una neno, liwe limefika mezani kwangu leo, kabla sijafunga ofisi."

Mpelelezi hakuwa na neno. Alikuwa na swali dogo tu. Alfajiri alikuwa amekaa na Mama Pacha chumba cha mahojiano, akamuuliza kila alichopaswa kumuuliza, na mwanamke yule alikuwa ameitazama meza kama mtu aliyekufa ganzi. Neno pekee alilolitoa lilikuwa swali.

"Wenzangu wamekuja kuandikisha maelezo?"

"Wamekuja."

"Wote?"

"Wote."

"Wamesema nini?"

"Kwamba mligombana."

"Basi?"

"Basi."

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. Mpelelezi alikuwa ameona watu wengi wakisingiziwa, na wengi wakijitia kusingiziwa. Hakuwahi kumwona mtu anayesikitika kwa sababu mashahidi wamesema kidogo.

Kwa hiyo sasa alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, akatazama.

Watu walifanya kazi kama vile hakuna aliyekufa. Hawakunong'onezana. Hawakumtupia macho polisi. Pasi ilimeza mashuka na kuyatoa, na wanawake wawili wawili walishika ncha, wakakunja, wakakutana katikati, wakaachana. Nyuso zao hazikuonyesha huzuni wala hofu. Koplo aliwatazama kwa muda, akapiga mwayo.

"Afande, hawa hata tukiwakamata wote hawatatambua."

"Mwangalie yule wa toroli."

"Yupi?"

"Yeyote."

Koplo aliangalia. Mtu wa mashine za kukaushia, mrefu, kifua wazi, jasho likimtiririka, alikuwa akileta mzigo wa mashuka kwenye pasi. Njia ilikuwa imenyooka. Alipofika karibu na nguzo ya katikati, alivuta toroli upande wa kulia, akafanya kama anazunguka kitu, akarudi njiani. Nyuma yake akaja mwanamke na toroli tupu. Naye akazunguka. Kisha akapita mwingine bila toroli, amebeba vifurushi viwili begani, akakata kona pale pale.

"Wanakwepa tone," koplo alisema. "Ona, bomba linavuja."

Kweli, juu ya nguzo lilipita bomba la mvuke, na kutoka kwenye maungio yake tone lilidondoka mara kwa mara. Lakini lilidondoka likigusana na nguzo yenyewe, likateremka nayo. Mtu asingehitaji kulikwepa kwa upana wote ule.

"Tone halina upana huo," mpelelezi alisema.

Akaendelea kutazama. Baada ya muda alipita msichana mwenye aproni mpya ambayo bado ilikuwa na mistari ya kukunjwa. Alisukuma toroli lake moja kwa moja, akapita kando kabisa ya nguzo, hakupinda hata kidogo.

"Yule ni nani?"

Koplo akaenda kuuliza, akarudi. "Mgeni. Kaletwa jana kushika meza ya Mama Pacha."

"Basi yeye hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba pale pana kitu."

Koplo alitazama nguzo, akatazama sakafu, akajikuna kichwa. "Afande, pale hapana kitu."

"Leo hapana," mpelelezi alisema. "Miguu yao bado haijaambiwa."

Alitembea mpaka kwenye nguzo, akachuchumaa. Mashine hazikuzimwa, na watu waliendelea kupita, wakimzunguka yeye sasa, na mzunguko wao haukubadilika hata kidogo. Ilikuwa kama kwamba yeye amekaa mahali pa kile kitu. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya kijivu, imeshiba sabuni ya miaka. Lakini pale penye kivuli cha nguzo palikuwa na alama za duara, ndogo, nyeusi, zilizopangika pembe nne, kama za mipira inayovishwa miguu ya samani. Nguzo nayo ilisimama juu ya kitako cha zege, chenye pembe kali. Upande mmoja wa kitako ulikuwa mweupe kuliko pande nyingine zote. Mpelelezi alikiinamia, akanusa. Dawa ya madoa.

Akainua macho. Juu, kwenye maungio ya bomba, kulikuwa na kitambaa cha shuka kilichochanwa, kimezungushwa mara kadhaa. Ncha yake ilining'inia. Mtu alianza kukifunga na hakumaliza.

Akamngoja yule mtu mrefu wa mashine za kukaushia arudi na toroli.

"Kaka, unaitwa nani hapa?"

"Jua, afande."

"Kwa nini Jua?"

"Mimi ndiye nakausha." Alisema bila kutabasamu, pengine siku nyingine angetabasamu. "Kule nje wanaanika wanasubiri mawingu yaondoke. Hapa wananisubiri mimi."

"Jua, nani alifunga kile kitambaa juu?"

Jua hakuinua macho kutazama. Hilo mpelelezi aliliweka akilini. Mtu ukimwonyesha kitu juu, shingo humtangulia hata kama hataki.

"Sijui, afande. Labda fundi."

"Wewe ndiye mrefu kuliko wote humu. Hebu nyoosha mkono."

Jua alinyoosha. Vidole vyake vilikaribia bomba lakini havikuligusa.

"Ngazi ya kupandia iko wapi?"

"Stoo. Imefungiwa. Ufunguo anao meneja."

"Na hapa kando ya nguzo palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, afande."

"Asubuhi ile, Filimbi na Mama Pacha waligombania nini?"

"Mambo ya kazi."

Alimshukuru, akamwacha aende. Jua akasukuma toroli lake, akazunguka mahali pasipo na kitu.

Akamwita mwanamke wa pasi. "Hapa palikuwa na nini, dada?" Hapakuwa na kitu. "Waligombania nini?" Mambo ya kazi. Akamwita mkunjaji mwingine, akapata majibu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hawakuwa wakiyatia chumvi wala kuyapunguza. Mpelelezi hakukasirika. Watu wanaposema uongo mmoja mmoja, kila mmoja huupamba kwa namna yake. Uongo usiopambwa ni wa kundi.

Wa mwisho alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyekuwa akilisha mashuka kwenye pasi. Wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani. Vifundo vya miguu vilikuwa vimemvimba vikafunika mikanda ya ndara.

"Unaishi karibu na Mama Pacha, nimeambiwa."

"Mlango kwa mlango, mwanangu."

"Watoto wake wako kwa nani?"

"Kwangu." Mikono yake iliendelea kunyoosha shuka. "Wamekula. Wamelala. Hawana shida."

"Wanamuuliza mama yao?"

Shangazi alisukuma shuka likaingia. "Watoto hawaachi kuuliza."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Kesho."

"Shangazi, unadhani Mama Pacha alimuua Filimbi?"

Pasi ilizunguka. Shangazi alichukua shuka jingine, akatafuta ncha zake, akazipata.

"Mimi niko na kazi hapa, mwanangu," alisema. "Ningeomba niendelee."

Wakati wa mapumziko ya mchana meneja aliteremka mwenyewe kupuliza filimbi. Ilikuwa filimbi nyingine, mpya, lakini watu wote walisimama kwa nukta moja kabla ya kuachia mikono. Kisha wakatoka kwenda uani, kimya, na ukumbi ukabaki na tone lake.

"Wamekula njama," koplo alisema. "Wamemuua wote, wakamtupia mmoja. Hiyo ipo."

"Kama wangetaka kumtupia Mama Pacha, wangesema mengi zaidi juu yake. Wamekubali waligombana. Wanachoficha ni walichogombania." Akauelekezea mkono mlango wa mbele. "Pale getini mlinzi anakalia nini?"

"Stuli."

"Ndefu au fupi?"

"Ndefu. Ya chuma. Anataka aone juu ya ukuta."

"Kaiazime."

Koplo alikaa kitambo. Sauti ya mlinzi ilisikika kutoka mbali. "Na mimi nikae juu ya nini? Juu ya heshima yangu?" Kisha koplo akaingia ameibeba stuli kifuani, uso umemkunjamana.

"Anasema ikipotea, yeye na mimi tutajuana."

Mpelelezi aliichukua, akaiweka kando ya nguzo. Miguu yake haikulingana sawasawa na zile alama, lakini ilikaribia. Akarudi ukutani, akasimama alipokuwa amesimama asubuhi.

Filimbi ilipulizwa. Watu waliingia.

Waliiona. Hakuna aliyekosa kuiona. Hatua zao zilipungua, kama maji yanapokutana na jiwe, kisha zikaendelea. Hakuna aliyesema, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mashine zikawashwa. Toroli la kwanza likaja, likafika kwenye nguzo, likapinda kulia, likapita kando ya stuli bila kuigusa. La pili likafuata. Asubuhi yote walikuwa wakizunguka hewa, na sasa mzunguko wao ulikuwa na maana. Yule mgeni tu ndiye aliyegonga mguu wa stuli, akasema, "Samahani," akaisogeza. Muda mfupi baadaye Jua alipita, na bila kuacha kusukuma toroli kwa mkono mmoja, akairudisha pale pale ilipokuwa.

"Umeona?" koplo alinong'ona.

"Nimeona. Subiri."

"Tunasubiri nini tena?"

"Joto."

Joto likaja. Mabati yalipokea jua la mchana, mvuke ukakosa pa kwenda, na ukumbi ukawa kama sufuria iliyofunikwa. Shangazi alikuwa akilisha mashuka makubwa, yale ya vitanda vipana. Mpelelezi aliona anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Aliona pia jambo ambalo angelikosa kama angekuwa ofisini akiwahoji mmoja mmoja: wanawake wawili wa meza za kukunjia waliacha meza yao bila kuitwa, wakaja kwenye pasi, mmoja kushoto, mwingine kulia, wakapokea shuka kutoka mikononi mwa Shangazi. Hakuna aliyesema "nipokee". Hakuna aliyesema "haya". Ilikuwa kazi iliyozoeleka, kama kupokezana mtoto.

Shangazi alirudi nyuma. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa nyuma yake, mpaka vidole vikagusa chuma. Akajiinua, akakaa. Akafumba macho.

Pasi iliendelea kuzunguka. Kisha mmoja wa wale wawili aliinua kichwa, na mikono yake ikasimama. Shuka likaingia pasini upogo, likajikunja. Jua aliacha toroli lake katikati ya njia. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, na mtu fulani, hakujulikana nani, akazima pasi, na mashine nyingine zikafuata. Kwa mara ya kwanza tangu mapumziko sauti ya tone ilisikika.

Kimya ndicho kilichomfungua Shangazi macho. Aliwaona wenzake. Akawaona polisi ukutani. Akatazama alichokalia.

Hakuinuka.

"Nimekaa," alisema.

"Umekaa, mama," mpelelezi alimjibu, akasogea.

"Sikukusudia."

"Najua. Ile yenu iko wapi?"

Shangazi alimtazama Jua. Jua alifuta jasho kwa kiganja, akaelekea kwenye mashine za kukaushia, akafungua mlango wa ile ya mwisho, mbovu, isiyowashwa tena. Akaingiza mikono na kutoa stuli ndefu ya chuma, yenye mipira miguuni. Mguu mmoja ulikuwa umepinda. Ungio lake lilikuwa limeachia.

"Ni ya nani?"

"Ya wote," Jua alisema. "Miguu ikikataa, unakaa kidogo, wenzako wanashika kazi yako. Nyuma ya nguzo, kutoka kule juu meneja haoni."

"Filimbi alikuwa anajua?"

Kwa mara ya kwanza kitu kilipita kwenye zile nyuso. Hakikukaa.

"Filimbi ndiye aliyeileta," Shangazi alisema. "Toka nyumbani kwake. Ya mkewe, ya jikoni. Kuna mwenzetu alikalia kifurushi cha mashuka, meneja akamfukuza siku hiyo hiyo. Filimbi kesho yake akaja na hii, imefungwa kwenye shuka. Akasema, 'Mimi sijaona kitu, na nyinyi hamjanionyesha kitu.' Ndivyo alivyokuwa. Kelele nyingi, roho hana."

"Hana roho?"

"Ya ubaya. Roho ya ubaya hana."

Mpelelezi akamgeukia Jua.

"Juzi wageni walikuwa wanakuja, watu wa hospitali, kukagua," Jua aliendelea. "Filimbi akasema stuli itolewe. Mama Pacha akamkatalia. Akamwambia, 'Umtazame Shangazi miguu yake, halafu uniambie mimi niitoe.' Wakapigiana kelele. Yule dada akikasirika hashikiki. Mchana Filimbi akashindwa, akasema, 'Basi nipeni nipandie nifunge hilo bomba, wageni wasilione linavuja, halafu nitajua pa kuificha.' Alikuwa mfupi. Akapanda. Akawa anazungusha kitambaa. Mguu ukaachia."

"Akaanguka chali."

"Kwenye kitako cha nguzo."

"Nani alimsogeza?"

"Sote. Tulimvuta mahali peupe apate hewa. Mama Pacha akampakata kichwa, anamwita, anamwita. Alikuwa hasikii tena."

"Kisha?"

Hapo Jua aliishiwa maneno. Mwanamke mmoja wa meza za kukunjia akayachukua, kwa sauti iliyonyooka, kama anasoma.

"Kisha mtu akasema, meneja anateremka. Tukaondoa stuli. Hatukupanga. Mikono ilijiendea tu. Ilishazoea kuificha."

"Na nguzo mkaiosha."

"Palikuwa na damu."

"Mliosha mahali alipofia mtu kabla ya polisi kufika."

"Afande," mwanamke alisema, "sisi ni wafuaji. Doa hatuliachi."

Koplo aligeukia upande wa pili, akakohoa. Mpelelezi hakucheka wala hakukunja uso. Alitoa simu, akampigia daktari, akamwelezea urefu wa stuli na pembe ya zege.

"Hiyo inatosha kabisa," daktari alisema. "Kwa nini sikuambiwa kulikuwa na stuli?"

"Hakuna aliyeambiwa."

Akakata simu, akawarudia.

"Mlipojua tumemkamata Mama Pacha, kwa nini hamkusema?"

Walitazama sakafu. Shangazi ndiye aliyejibu, akiwa bado amekaa.

"Siku ya kwanza nilidhani Jua atasema. Ni mwanaume, hana watoto. Jua akadhani nitasema mimi, kwa sababu ni mtu mzima. Wale wakadhani sisi wawili tumeshasema. Tukienda kituoni, kila mmoja anaingia peke yake, anatoka, anasema, 'Nimewaambia waligombana, wengine watamalizia.'" Alipumua. "Jioni nawalaza wale watoto. Wananiuliza, nawaambia kesho. Asubuhi nikija hapa nakuta bado hakuna aliyesema. Basi na mimi sisemi. Halafu unazoea. Mwanangu, hicho ndicho kibaya. Siku mbili tu, na nilikuwa nimeshazoea."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa juu, na meneja akateremka ngazi kwa kishindo.

"Mashine kwa nini zimezimwa? Nani amekaa?"

"Shahidi wangu," mpelelezi alisema.

Akamweleza kwa maneno machache. Meneja alisikiliza huku akiitazama ile stuli iliyopinda kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Kwa hiyo wamekuwa wakikaa," alisema. "Muda wote huu. Hawa wote wataondoka leo. Wote!"

"Kila mmoja wao ataandika maelezo upya, na kila mmoja nitamhitaji. Ukimwondoa hata mmoja kabla sijamaliza, nitarudi hapa kukuuliza kwa nini unaniondolea mashahidi. Na nitauliza pia kuhusu lile bomba, na kwa nini ngazi ya kupandia inafungiwa mpaka msimamizi apande samani ya jikoni."

Meneja aliinua macho, akalitazama bomba.

"Na ukimaliza?" aliuliza.

"Mimi huwa simalizi haraka," mpelelezi alisema. "Koplo hapa atakwambia."

"Hamalizi," koplo alithibitisha.

Walimkuta mkuu wa kituo akifunga droo zake. Alisoma maelezo mapya, akauliza maswali mawili ya kumkomoa mpelelezi, akapata majibu, akaweka saini. Kisha Mama Pacha akaletwa kaunta, akapewa kitambaa chake cha kichwa, ndara zake na simu iliyokwisha chaji. Alivipokea kimoja kimoja.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Hakuna," mpelelezi alijibu.

"Mmejuaje sasa?"

"Shangazi alikaa."

Mama Pacha alifunga kitambaa kichwani, taratibu, akaingiza ncha ndani.

"Ungetuambia wewe mwenyewe," mpelelezi alisema. "Asubuhi tu, tungekwenda pamoja."

"Ningesema, wangefukuzwa wote. Nikasema ngoja waseme wao. Stuli ilikuwa yao pia." Alivaa ndara moja, kisha ya pili. "Nilikuwa nahesabu, afande. Kila mlango ukifunguliwa nasema, huyu sasa ni Jua. Huyu sasa ni Shangazi."

"Kaa kwanza unywe maji, mama," koplo alisema, akimsogezea kiti. "Umesimama muda mrefu."

"Asante, kaka. Ninakwenda."

Alitoka. Mpelelezi alisogea dirishani. Nje, kwenye benchi la ukutani ambalo watu huketi wakingoja ndugu zao, Shangazi alikuwa amekaa na pacha wawili, mmoja kila upande, wamevalishwa, nywele zimechanwa. Watoto walimwona mama yao kwanza, wakaruka wakamvaa miguuni. Shangazi akashika ukingo wa benchi kujiinua, na miguu ikamgomea.

"Kaa, Shangazi," Mama Pacha alisema. "Usiinuke."

Sauti yake ilifika mpaka ndani, ya upole, ya kila siku. Shangazi akakaa tena. Akasema kitu, midomo yake ilionekana ikicheza kwa muda mrefu. Mama Pacha alimsikiliza, mkono mmoja kwenye kichwa cha kila mtoto, akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena.

"Wamesameheana?" koplo aliuliza, akichungulia juu ya bega la mpelelezi.

Mpelelezi alimwonyesha benchi kwa kidevu. Watoto walipotoka pale, benchi lilikuwa limebaki na nafasi pande zote mbili za Shangazi, na yule mama alijisogeza kidogo, akaipangusa ya kulia kwa kiganja.

Mama Pacha aliendelea kusimama.